Josie and the Pussycats: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa aliyeiona katuni hii zamani akabaki na kumbukumbu ya paka anayecheka kwa dharau na mabinti waliovaa masikio ya chui. Ni wa yule pia aliyelisikia jina hili juzi tu kupitia tamthilia ya televisheni ya Riverdale. Maswali hayakupangwa kwa miaka, kwa hiyo ruka utakako.

Hii ni katuni gani hasa?

Ni katuni ya Marekani kutoka studio ya Hanna-Barbera, ile ile ya The Flintstones na Scooby-Doo. Ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS Jumamosi asubuhi, tarehe 12 Septemba 1970. Mabinti watatu wana bendi, wanazunguka dunia kupiga shoo, na kila wanapotua kuna mtu mwenye njama ya kuitia dunia mfukoni. Bendi inajikuta katikati ya njama hiyo bila kukusudia, inakimbizwa huku wimbo ukipigwa, adui ananaswa, maisha yanaendelea. Zilitengenezwa episodi 16 tu. Mwaka 1972 zikaja nyingine 16 zilizoitwa Josie and the Pussycats in Outer Space, ambako bendi nzima inapotelea angani. Hilo lina swali lake huko chini.

Nani ni nani?

Josie ana nywele nyekundu, anapiga gitaa na ndiye kiongozi wa bendi. Jina la katuni ni lake, lakini kusema kweli ndiye anayesisimua kidogo kuliko wote: mpole, mwema, hana vituko. Valerie anapiga tari na ndiye kichwa cha kundi. Pakiwa na mtambo wa kufumua au fumbo la kisayansi la kufumbua, wote wanamgeukia yeye. Melody anapiga dramu, ana nywele za dhahabu na akili iliyo likizoni, ila masikio yake huanza kucheza yenyewe hatari inapokaribia.

Nyuma yao yupo Alan, kijana mrefu mwenye misuli ambaye hubeba na kutengeneza vyombo vya bendi, na ambaye yeye na Josie wanapendana kwa adabu sana. Meneja ni Alexander Cabot III, mtoto wa kitajiri, maneno mengi, mwoga wa kutupwa.

Halafu kuna pacha wake, Alexandra, na hapa ndipo katuni inapopata uhai. Ana nywele nyeusi zenye mstari mweupe katikati. Anamtaka Alan, anautaka umaarufu wa Josie, na anaamini bendi ingepaswa kuitwa Alexandra's Cool Time Cats. Karibu kila episodi anamtegea Josie mtego mdogo ili abaki peke yake na Alan. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Alexandra huingia kila Jumamosi: atadondokewa na kitu, atatumbukia majini, na paka wake Sebastian atakuwa pembeni akimcheka kichinichini, meno nje, mabega yakitikisika. Sebastian naye ana mstari mweupe uleule wa bosi wake. Hajulikani yuko upande gani. Leo atafungua kufuli kwa ukucha wake na kuwaokoa wote, kesho atamsaidia Alexandra kwenye fitina. Binafsi naona bila hawa wawili katuni hii ingekuwa imesahauliwa kabla ya 1973.

Kwa nini katuni nyingi za wakati ule zina bendi ya vijana?

Kwa sababu bendi za kubuni zilionekana kulipa. Mwaka 1966 kituo cha NBC kilianza kuonyesha The Monkees, vijana wanne waliokusanywa kwa usaili ili waigize bendi kwenye televisheni, na santuri zao zikauzwa kama karanga. Vijana wale baadaye wakaanza kudai kupiga vyombo wenyewe na kuchagua nyimbo zao. Ugomvi ukazuka, na Don Kirshner, aliyekuwa anasimamia muziki wao, akatolewa mwaka 1967. Hatua yake iliyofuata ilikuwa ya akili: akahamia kwenye bendi ya katuni. Mhusika wa kuchorwa hagomi wala haombi kuongezwa mshahara.

Bendi hiyo ni The Archies, kutoka katuni ya studio ya Filmation iliyoanza CBS mwaka 1968, iliyotokana na vitabu vya picha vya Archie Comics. Wimbo wao Sugar, Sugar uliongoza chati za Marekani mwaka 1969. Wimbo wa watu wasiokuwepo! Mwimbaji halisi, Ron Dante, alikuwa studio tu na jina lake halikuwa mbele. Baada ya hapo kila studio ilitaka bendi yake.

Sababu ya pili haina uhusiano na muziki. Katikati ya miaka ya 1960 Jumamosi asubuhi ilijaa mashujaa wenye nguvu na mapigano, kama Space Ghost na The Herculoids. Mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa, wazazi wa Marekani walianza kulalamika kwa sauti kubwa kuhusu ngumi na milipuko kwenye vipindi vya watoto. Mwaka huohuo Action for Children's Television, kikundi cha kutetea vipindi bora vya watoto, kikaanzishwa Massachusetts. Vituo vikaogopa. Fred Silverman, aliyekuwa msimamizi wa vipindi vya mchana vya CBS, akawa anatafuta kitu cha kumshika mtoto bila mtu kupigwa ngumi ya uso. Jibu lililopatikana ni vijana, vichekesho, mzimu wa uongo na wimbo.

Basi ni Scooby-Doo iliyovalishwa masikio ya paka?

Ni ndugu wa tumbo moja, hilo halipingiki. Scooby-Doo yenyewe iliyoanza Septemba 1969 ilikuwa imepangwa iwe ya bendi ya vijana wanaofumbua mafumbo baina ya shoo na shoo. Katika matayarisho bendi ikaondolewa, mbwa akabaki. Josie ni kama wale watu walirudi kuchukua wazo walilokuwa wameliacha mezani. Ukitazama kwa mpangilio utawaona kaka na dada zao: Alexander ni Shaggy, yule kijana mwoga wa Scooby-Doo, ila mwenye hela, na sauti yenyewe ni ya mtu yuleyule.

Lakini tofauti ipo, na wengi hawaisemi. Kwenye Scooby-Doo mwisho wa yote ni kumvua mtu kinyago: mzimu ulikuwa mzee mwenye tamaa ya shamba au hazina. Kwenye Josie hakuna anayejificha. Adui anajitangaza tangu mwanzo, ana ngome yake, ana mitambo, ana vibaraka waliovaa sare. Ni dunia ya filamu za kijasusi za miaka ya 1960 iliyoshushwa hadi saa mbili asubuhi ya watoto. Hata majina ya episodi yanafuata mtindo huo. Kwa hiyo anayekuja akitarajia kukusanya vidokezo na kumkisia mhalifu atavunjika moyo. Hapa fumbo si nani kafanya. Wanachotafuta ni njia ya kutoka humo ndani.

Josie aliumbwa na nani?

Na mchoraji Dan DeCarlo, ambaye mke wake aliitwa Josie. DeCarlo alitaka kwanza kumfanya mhusika wa michoro ya magazeti, mambo hayakuwa, akampeleka Archie Comics. Kitabu chake mwenyewe, She's Josie, kilianza mwaka 1963, na hakikuwa na bendi wala paka. Zilikuwa hadithi za binti wa sekondari na marafiki zake.

Vazi la chui lina asili ya nyumbani vilevile. Mke wa DeCarlo aliwahi kusimulia kwamba walipokwenda kwenye safari ya meli ya Karibi alivaa vazi la paka, na mume wake akalichukua wazo hilo. Mwishoni mwa 1969, The Archies wakiwa juu ya chati, kitabu kikabadilishwa jina kuwa Josie and the Pussycats, bendi ikaundwa, Valerie akaingizwa kuchukua nafasi ya rafiki wa zamani aliyeitwa Pepper. Kwenye vitabu Alexandra hata ana uchawi anapokuwa na Sebastian. Katuni ikauacha uchawi huo, nadhani kwa hasara.

Nani alikuwa anaimba?

Hili ndilo swali linalostahili muda. Wasemaji na waimbaji hawakuwa watu wamoja. Kwa nyimbo, kazi ilipewa mtayarishaji Danny Janssen, ambaye alitakiwa kutafuta mabinti watatu watakaokuwa bendi ya kweli kwenye santuri, wakifanana na wale wa kwenye michoro. Aliowachagua ni Cathy Dougher kama Josie, Patrice Holloway kama Valerie, na binti aliyejiita Cherie Moor kama Melody. Huyo wa mwisho ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Cheryl Ladd, alipoingia kwenye tamthilia ya Charlie's Angels mwaka 1977.

Wa kusikilizwa ni Patrice Holloway. Alikuwa na umri wa miaka 19, tayari mzoefu. Dada yake Brenda alikuwa msanii wa Motown, kampuni maarufu ya santuri za wasanii Weusi, na wawili hao ni miongoni mwa watunzi wa You've Made Me So Very Happy, wimbo ambao Brenda aliurekodi 1967 na bendi ya Blood, Sweat & Tears wakaufanya mkubwa mwaka 1969. Yaani binti huyu alikuja kwenye katuni ya watoto akiwa na wimbo uliotikisa redio za Marekani. Weka wimbo wa ufunguzi wa katuni, fumba macho: sauti ile inayoongoza, yenye kwaya ya kanisani na Motown ndani yake, si ya Josie mwenye nywele nyekundu unayemwona mbele ya kamera. Ni ya Patrice.

Ni kweli walitaka kumwondoa kwa sababu ni Mweusi?

Ndivyo Janssen alivyosimulia. Alipowapeleka mabinti wake Hanna-Barbera, aliambiwa studio imeamua bendi ya kwenye katuni iwe ya Weupe watatu, kwa hiyo atafute mwingine badala ya Holloway. Kumbuka kwamba kwenye vitabu Valerie alikuwa tayari Mweusi, kwa hiyo katuni ndiyo iliyotaka kurudi nyuma. Janssen akakataa. Akasema bila Patrice na yeye hayumo. Mvutano ukachukua karibu wiki tatu, studio ikalegeza, Valerie akabaki kama alivyokuwa.

Linalofanya kisa hiki kiwe na uzito ni kwamba studio haikuwa inapambana na siasa yoyote kubwa ndani ya hadithi. Ni binti mwenye tari katika katuni ya paka. Hata hapo palihitaji mtu agome.

Valerie alikuwa Mweusi wa kwanza kwenye katuni za Jumamosi?

Kwa wasichana, ndiyo: ndiye anayetajwa kuwa msichana Mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu katika katuni hizo. Kwa wahusika wote, hapana. Mwaka mmoja kabla, kituo cha ABC kilikuwa na The Hardy Boys ya Filmation, nayo ni ya vijana wenye bendi wanaofumbua mafumbo, na mmoja wao, Pete Jones, alikuwa Mweusi.

Kuna jambo ambalo husahaulika. Asubuhi ileile ya tarehe 12 Septemba 1970, kwenye CBS hiyohiyo, Hanna-Barbera ilizindua pia Harlem Globetrotters, katuni ya ile timu ya mpira wa kikapu, ambayo karibu wahusika wake wote wakuu ni Weusi. Mwaka uliofuata ABC ikaja na The Jackson 5ive, na 1972 akafuata Fat Albert. Mlango ulifunguka haraka baada ya kufungwa muda mrefu.

La kupongeza kwa Valerie ni jinsi alivyoandikwa. Si mtumishi, hachekeshi kwa lafudhi, hakuwekwa ajaze picha tu. Ndiye mwenye akili kuliko wote na kila mtu humo ndani analijua hilo, bila episodi hata moja kusimama kulitangaza.

Waliozungumza je?

Janet Waldo ni Josie wa kuzungumza. Ndiye pia Judy wa katuni ya The Jetsons. Barbara Pariot ni Valerie, Jackie Joseph ni Melody, Jerry Dexter ni Alan, Sherry Alberoni ni Alexandra. Paka Sebastian ni Don Messick, aliyekuwa pia Scooby mwenyewe na mbwa Muttley, ndiyo maana kicheko cha Sebastian unakijua kabla hujamwona. Alexander ni Casey Kasem, Shaggy wa Scooby-Doo. Mwaka huohuo wa 1970, mwezi Julai, Kasem alianzisha American Top 40 kwenye redio, kipindi cha kuhesabu nyimbo zinazotamba. Hebu fikiria: redioni anatangaza nyimbo halisi, kwenye katuni ni meneja mwoga wa bendi isiyokuwepo.

Mbona wanapita mlango uleule mara nne, na nani anacheka?

Karibu kwa Hanna-Barbera. William Hanna na Joseph Barbera walipokuwa studio ya filamu ya MGM walitengeneza Tom and Jerry kwa bajeti ya sinema, kila mjongeo ukichorwa kwa raha. Walipofungua studio yao mwaka 1957, televisheni haikuwa na fedha hizo wala muda huo. Wakatengeneza njia ya kuchora kidogo iwezekanavyo. Mwili unatulia, mdomo ndio unaobadilishwa. Ndiyo maana Yogi Bear anavaa kola na tai: kola inaficha mpaka kati ya kichwa kinachochorwa upya na mwili uliobaki palepale. Mtu anapokimbia, hatua zake chache zinazungushwa, na mandhari nyuma yake ni mchoro mmoja mrefu unaovutwa na kurudiwa. Chungulia episodi yoyote ya Josie wakiwa kwenye korido ya ngome: taa, mlango, taa, mlango, taa ileile.

Sasa angalia faida ya wimbo kwa mwenye studio. Wakati wa kukimbizana hakuna anayezungumza, kwa hiyo hakuna midomo ya kuoanisha na maneno. Michoro ya kukimbia ipo tayari, na vipande vya bendi jukwaani vinatumika tena episodi hii na ile. Mtoto anaona burudani, mhasibu anaona dakika nzima iliyojazwa kwa bei ya chee. Mtindo wenyewe wa kukimbizana juu ya wimbo ulitoka kwa The Monkees, na msimu huohuo wa 1970 Scooby-Doo nayo ikaanza kuutumia.

Kicheko ni cha kurekodiwa. Hakuna hadhira. Studio ilikibandika juu ya katuni zake nyingi za miaka ile, na hapa kinacheka hata mahali ambapo hakuna utani uliotamkwa. Ni kero, lakini utazoea.

Kwa nini Jumamosi asubuhi?

Ni saa ambayo watu wazima wa Marekani walikuwa wamelala na watoto wameshika televisheni. Muda wa matangazo ulikuwa rahisi, na wenye kuuza nafaka za kifungua kinywa na midoli waligundua kwamba hadhira yao yote imekaa mahali pamoja. Msimu mmoja ulikuwa na episodi 16 au karibu na hapo, zikirudiwa mwaka mzima. Mtoto wa 1970 hakuiona Josie mara moja. Aliiona mpaka akaikariri.

Utaratibu huo uliondoka polepole. NBC iliachana na katuni za Jumamosi mwaka 1992, na kituo cha mwisho kati ya vile vikubwa, The CW, kikafunga pazia Septemba 2014. Vituo vya katuni vya saa 24, ukaguzi wa serikali juu ya vipindi vya watoto, na baadaye intaneti, ndivyo vilivyoumaliza.

Nyimbo zilipatikana wapi?

Capitol Records ilitoa albamu mwaka 1970, pamoja na santuri ndogo ambazo baadhi yake ziliagizwa kwa posta kupitia Kellogg's, yaani unakula nafaka, unatuma, unaletewa muziki. Hazikufua dafu sokoni. Zilikuwa nyimbo nzuri kuliko katuni iliyozibeba, na nadhani ndilo lililoziponza: mtu mzima aliyependa muziki wa aina hiyo hakwenda kutafuta santuri yenye masikio ya paka jaladani. Mwaka 2001 kampuni ya muziki ya Rhino ilizikusanya zile za Capitol kwenye CD, na wakusanyaji wanaisaka mpaka leo. Patrice Holloway alifariki 2006 bila kuwa na jina kubwa lililoistahili sauti yake.

Walifikaje angani? Na walirudi?

Mwanzo wa in Outer Space unaeleza yote kwa muda mfupi kuliko tangazo la sabuni. Bendi imealikwa kwenye uzinduzi wa chombo cha anga, wanapanga mstari wapigwe picha. Kamera ziko kwa Josie. Alexandra hawezi kuvumilia, anajipenyeza mbele, anasukumana, kundi zima linaanguka ndani ya chombo, na mkono wake mwenyewe unagusa mtambo wa kurusha. Mlango unafunga. Wameondoka.

Basi kila episodi wanatua kwenye sayari mpya, wanakutana na mtawala mwenye roho mbaya, wanamshinda, wanageuza chombo kurudi nyumbani, na wanapotea tena. Melody anaokota kiumbe mdogo mwenye manyoya anayeitwa Bleep, asemaye "bleep" tu, na Melody pekee ndiye anayemwelewa. Vazi la bendi halikubadilika, huko angani bado ni chui.

Hakuna episodi inayoonyesha wakirudi duniani. Lakini tarehe 22 Septemba 1973 walijitokeza kwenye The New Scooby-Doo Movies, wazima wa afya, duniani, bila maelezo yoyote na bila Bleep. Nani aliwashusha, kila shabiki ana yake.

Kuna nyingine za aina hii?

Tele. Mwaka 1972 Hanna-Barbera ilileta The Amazing Chan and the Chan Clan, baba mpelelezi na watoto kumi wenye bendi. Mwaka 1973 NBC ikapata Butch Cassidy and the Sundance Kids, bendi ambayo ni majasusi kabisa. Na 1976 ikaja Jabberjaw, bendi inayoishi chini ya bahari ambayo mpiga dramu wake ni papa. Ukishafika kwa papa mpiga dramu ujue wazo limefika mwisho wa reli.

Filamu ya 2001 na Riverdale zina uhusiano gani na katuni?

Jina, wahusika, na masikio. Filamu ya Harry Elfont na Deborah Kaplan, yenye Rachael Leigh Cook, Rosario Dawson na Tara Reid, ni kejeli juu ya kampuni za muziki zinazoficha matangazo ndani ya nyimbo. Iligharimu karibu dola milioni 39 na kuingiza chini ya milioni 15, wakosoaji wengi hawakuielewa, na leo ina mashabiki sugu. Sauti ya Josie ya kuimba ni ya Kay Hanley. Riverdale iliyoanza 2017 ilimpa Ashleigh Murray nafasi ya Josie, na mara hii Pussycats wote watatu ni Weusi. Ukikumbuka mvutano wa wiki tatu wa 1970, hapo unatabasamu.

Filamu hiyo ina upande mchungu. DeCarlo, aliyewachorea Archie Comics kwa miongo minne, alidai haki yake juu ya Josie filamu ilipokuwa inatengenezwa. Akaachishwa kazi, akaenda mahakamani, akashindwa. Alifariki Desemba 2001, miezi michache baada ya filamu kutoka.

Huku kwetu iliwahi kufika?

Wakati wake, hapana kwa wengi. Mwaka 1970 Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa, na ilibidi kusubiri hadi 1994. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, lakini seti zilikuwa za wachache. Aliyekutana na Josie huku kwetu mara nyingi alikutana naye akiwa ameshazeeka, kwenye marudio ya vituo vya katuni vya dishi, au sasa kwenye simu. Hiyo ndiyo sababu wengi wetu tunadhani Josie na Scooby ni wa miaka ya tisini.

Mtoto wa leo anaweza kuangalia?

Anaweza. Hakuna damu, hakuna matusi, na mapenzi yanaishia kushikana mikono. Tahadhari ni moja: nchi za kigeni na watu wake wamechorwa kwa mkato wa dharau wa wakati ule, Waasia na Walatini hasa. Kaa naye, mzungumze. Mtoto aliyezoea katuni za kasi za sasa anaweza kuchoka kabla ya wimbo kuanza.

Nianzie wapi?

Anza na msimu wa kwanza, uache wa anga mpaka baadaye. Episodi ya kwanza, The Nemo's a No No Affair, inatosha kukuonyesha mtindo mzima. Ukiwa na haraka, ruka hadi kwenye kukimbizana na uongeze sauti. DVD ya msimu wa kwanza ilitolewa na Warner mwaka 2007, na Warner ndiyo inayomiliki hazina ya Hanna-Barbera sasa. Na usikatishe ufunguzi. Ndipo Patrice anapoimba.